"Mfano wa Nini?": Hisabati ya Malaria na Suala la Istilahi

Utangulizi

Makala hii inakusudia kulichunguza neno moja tu. Yamkini msomaji atashangaa ni kwa nini neno moja lipewe kurasa kadhaa katika jarida la chama chetu ilhali kuna riwaya na diwani nyingi ambazo hazijahakikiwa. Neno lenyewe ni jina la kile ambacho wanahisabati hukiunda wanapotaka kueleza, kwa njia ya milinganyo, jinsi maradhi yanavyoenea, jinsi neva inavyopitisha umeme, au jinsi wimbi la redio linavyotawanyika likikutana na jengo. Wenyewe hukiita modeli. Sisi wa Kiswahili tumezoea kuifasiri dhana hii kwa neno lolote lililo karibu na ulimi: mfano, kigezo, kielelezo, ruwaza. Katika tasnifu moja unaweza kuyakuta yote manne, na msimamizi asiseme neno.

Niliutambua ubaya wa mazoea haya kwa aibu. Rafiki yangu anayesomea uzamili wa hisabati tumizi aliniomba nimfasirie ukurasa mmoja wa maelezo kuhusu utafiti wao wa malaria. Ukurasa huo ulikusudiwa kusomwa katika baraza la kijiji kimoja kusini mwa Mombasa, kwa kuwa utafiti ulihitaji ridhaa ya wenye nyumba: watafiti wangeingia vyumbani alfajiri kuwakusanya mbu waliotua ukutani. Nikafasiri kwa kujiamini. Niliandika kwamba data zitakazopatikana "zitatumiwa kuunda mfano wa kihisabati wa malaria katika kijiji hiki". Siku ya baraza niliandamana na rafiki yangu, nikausoma ukurasa huo mwenyewe. Nilipomaliza, mzee mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwanangu, mfano wa nini?" Nikajibu kwamba ni mfano wa malaria. Akasema, "Malaria yenyewe tunayo hapa. Huo mfano wake mwaupeleka wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini wenye nyumba kadhaa walikataa kutia sahihi siku hiyo, na mama mmoja alieleza sababu yake waziwazi: hakutaka mji wake ufanywe mfano.

Mama huyo alikuwa amekielewa Kiswahili changu barabara. Kumfanya mtu mfano ni kumwonyesha hadharani, aghalabu kwa aibu au kwa adhabu. Kosa halikuwa lake. Tangu siku hiyo nilimwomba rafiki yangu anifunze kile nilichokuwa nimekifasiri bila kukielewa, na mengi ya yafuatayo ni matunda ya mafunzo hayo.

Ross na hoja ya mbu wasiokwisha

Mwanzo wa habari hii ni Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza aliyezaliwa Almora, India, mwaka 1857. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu aina ya anofelesi aliyekuwa amemnyonya mgonjwa damu. Mwaka 1902 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Watu wa fasihi hatuna budi kufurahi kwamba mtu huyu alikuwa pia mshairi na mwandishi wa riwaya, ingawa ushairi wake sio uliompa jina.

Kwa Ross, ugunduzi ulikuwa nusu ya safari. Maadamu mbu ndiye mwenezaji, alidai, tupunguze mbu. Wapinzani wake wakamjibu kwa hoja iliyoonekana kuwa na mashiko: mbu hawamaliziki. Ukifukia madimbwi huku, wengine watatoka kule. Jaribio lililofanywa Mian Mir, karibu na Lahore, mwanzoni mwa karne ya 20 halikuleta natija iliyotarajiwa, na maofisa wengi wakalichukua kuwa ushahidi kwamba kazi hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ross alikwenda Mauritius mwishoni mwa mwaka 1907, na katika ripoti yake ya mwaka 1908 akaanza kulijibu swali hilo kwa hisabati. Aliendeleza hoja hiyo katika kitabu chake kuhusu kuzuia malaria, hasa toleo la mwaka 1911. Jibu lake lilikuwa hili: si lazima mbu waishe. Ipo idadi fulani ya mbu kwa kila mtu ambayo, ikishashuka chini yake, malaria haiwezi kujiendeleza, itafifia yenyewe hata kama mbu bado wanavuma masikioni. Kauli hii haikutokana na kuona kwa macho. Hakuna aliyekuwa amesimama mahali akaiona idadi hiyo. Ilitokana na kuhesabu.

Hata Ross alihangaika na istilahi. Katika maandishi yake ya mwaka 1916 na 1917 aliiita taaluma hiyo pathometria, yaani upimaji wa maradhi. Jina hilo halikushika, na leo tunasema epidemiolojia. Kumbe wenye lugha kubwa nao huunda maneno yakawafia mikononi!

Kwa nini mbu aume mara mbili

Hesabu yenyewe inaweza kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida, na ningependa kuieleza, kwani hapa ndipo utamu wa jambo ulipo.

Chukua mgonjwa mmoja anayeingia katika kijiji ambacho hakina malaria wala watu wenye kinga dhidi yake. Swali ni hili: kabla hajapona, atakuwa chanzo cha wagonjwa wapya wangapi? Wakiwa zaidi ya mmoja, ugonjwa utasambaa. Wakiwa pungufu ya mmoja kwa wastani, ugonjwa utakufa. Hesabu nzima inazunguka idadi hiyo.

Mgonjwa haambukizi jirani moja kwa moja. Ni lazima mbu amuume yeye kwanza, kisha mbu yuleyule amuume mtu mwingine. Kwa hiyo tabia ya mbu ya kuuma watu inaingia katika hesabu mara mbili: mara ya kuchukua na mara ya kutoa. Chandarua kikiwazuia mbu kiasi cha kupunguza kuumwa kwa watu hadi nusu, hatari haipungui hadi nusu. Inapungua hadi nusu ya nusu, yaani robo. Mtu anaweza kulilala jambo hili chini ya chandarua miaka mingi asilifikirie.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi, nalo lilifafanuliwa vyema na George Macdonald katika miaka ya 1950. Vimelea vikiingia ndani ya mbu haviwi tayari papo hapo. Huhitaji takribani siku kumi, kwa kutegemea joto la mahali. Mbu akifa siku ya tisa, amekufa na siri yake. Tuseme kati ya kila mbu 100, mbu 90 huishi hadi kesho yake. Watakaofika siku ya kumi ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, ambayo ni karibu mbu 35. Sasa tuseme dawa iliyopuliziwa ukutani imewapunguza wanaofika kesho hadi 80 kati ya 100. Tofauti inaonekana ndogo. Hata hivyo watakaofika siku ya kumi sasa ni karibu 11 tu. Tena hao 11 hawatarajii kuishi baada ya hapo muda ambao wale 35 wangeishi: wastani wa siku tisa na nusu umeshuka hadi siku nne na nusu. Ukiyazidisha mambo hayo mawili, hatari imebaki karibu sehemu moja ya saba ya ilivyokuwa. Linganisha na kufukia madimbwi: ukipunguza idadi ya mbu hadi nusu, hatari inapungua hadi nusu, basi.

Rafiki yangu aliponionyesha hesabu hii kwa kalamu, niliirudia mara tatu nikidhani amenidanganya. Ndiyo hoja iliyoupa nguvu upuliziaji wa dawa ukutani: lengo kuu si kuwamaliza mbu bali kuwafanya wafe kabla ya kuzeeka. Mbu mzee ndiye mbu wa hatari.

Hisabati ilipopungukiwa

Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuitokomeza malaria ulimwenguni, na fikra za Macdonald zilikuwa miongoni mwa nguzo zake. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haikuingizwa katika mpango huo. Hata hivyo kulikuwa na majaribio. Mojawapo lilikuwa hapa kwetu, mpakani mwa Kenya na Tanganyika: mradi wa Pare na Taveta wa miaka ya 1950, ambapo nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini. Malaria ilipungua sana, na spishi moja ya anofelesi ikawa adimu kabisa. Lakini uambukizaji haukukoma.

Jaribio lililofunza zaidi lilifanyika Garki, kaskazini mwa Nigeria, kati ya mwaka 1969 na 1976. Hapo wanahisabati waliandamana na madaktari tangu mwanzo. Vijiji vilipuliziwa dawa, na katika baadhi yake watu wote waligawiwa dawa za kumeza kwa vipindi maalumu. Malaria ilishuka, wala haikukatika. Milinganyo ilikuwa imechukulia kwamba mbu akishashiba hutua ukutani, penye dawa. Garki iliwaonyesha watafiti kwamba mbu wengi hawakufanya hivyo. Walikula ndani wakapumzika nje. Aidha, uumaji ulikuwa mwingi mno katika majira ya mvua. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2007 kwa jamii mbalimbali za Afrika yaliiweka ile idadi ya wagonjwa wapya kwa kila mgonjwa mmoja kuanzia karibu 1 hadi zaidi ya 3,000. Ni dhahiri kwamba penye 3,000, hata kuipunguza hatari hadi sehemu moja ya saba hakutoshi.

Je, Garki iliiangusha hisabati? Nadhani kinyume chake. Kwa kuwa dhana zote zilikuwa zimeandikwa waziwazi, iliwezekana kuuliza ni ipi iliyokosea. Watafiti wa mradi huo walikuwa wameunda milinganyo mipya, iliyochapishwa mwaka 1974, ambayo iliingiza kinga ambayo watu hujipatia wakiugua mara kwa mara, jambo ambalo Ross na Macdonald hawakulipa nafasi ya kutosha.

Huko Asembo, magharibi mwa Kenya, jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa la mwishoni mwa miaka ya 1990 lilidhihirisha upande mwingine wa hesabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba watoto waliolala bila chandarua nao walikingika, almuradi boma lao lilikuwa ndani ya mita 300 hivi kutoka maboma yenye vyandarua. Chandarua cha jirani kilikuwa kimewafupishia mbu maisha.

Waya, neva na vijisanduku

Nisidhaniwe kuwa jambo hili ni la mbu tu. Mwaka 1855, William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, aliandika mlinganyo wa jinsi umeme unavyofifia ndani ya waya mrefu wa telegrafu uliolazwa baharini. Karibu karne moja baadaye mlinganyo wa jamii hiyohiyo ulitumika kueleza neva ya kiumbe hai. Alan Hodgkin na Andrew Huxley, katika kazi yao ya mwaka 1952 juu ya neva kubwa ya ngisi, waliuongezea milango ya chembe za sodiamu na potasiamu. Tarakilishi ya Cambridge haikuwa ikifanya kazi wakati huo, hivyo Huxley alizikokotoa hesabu hizo kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono.

Wenzake rafiki yangu wanaoshughulikia mawimbi ya sumakuumeme hufanya vivyo hivyo kwa njia yao. Mbinu waliyorithi kutoka kwa Kane Yee, iliyochapishwa mwaka 1966, huikata nafasi kuwa vijisanduku, ikaukokotoa uga wa umeme na uga wa sumaku kwa zamu, hatua kwa hatua. Msomi wa fasihi anayetaka kuona sitiari ikihama kutoka waya hadi ngisi, bila kupoteza hata herufi moja ya mlinganyo wake, na awatembelee.

Mfano, kigezo, ruwaza, kielelezo

Turejee sasa kwenye neno letu. Pendekezo la kwanza, mfano, nimeshaeleza lilivyonitenda. Zaidi ya ile maana ya kufanywa mfano, neno hili hutaja kitu kimoja kinachowakilisha vingi vya aina yake: embe ni mfano wa tunda. Hesabu ya Ross si malaria mojawapo kati ya malaria nyingi. Wala haifanani na malaria. Haina homa, haina mtetemeko.

Kigezo ni hatari zaidi, na nasikitika kwamba ndilo linalopendwa na wengi. Kigezo ni kitu tunachokitumia kupimia kingine. Kinachopimwa kikitofautiana nacho, kosa ni la kinachopimwa. Ndivyo mhakiki anavyosema kwamba shairi halijatimiza vigezo vya utenzi. Tukiita hesabu ya Macdonald kigezo, mbu wa Garki waliopumzika nje watakuwa wamekosa adabu! Ilhali ukweli ni kwamba hesabu ndiyo iliyopimwa na mbu.

Ruwaza nayo hutaja mpangilio unaojirudia. Data zinaweza kuwa na ruwaza, na milinganyo ikajaribu kueleza ruwaza hiyo ilitoka wapi. Tukiziita zote mbili ruwaza, tutakuwa tumempa mshtakiwa na hakimu jina moja.

Linabaki kielelezo. Sikio la Mswahili husikia ndani yake kitenzi eleza, na hiyo ndiyo kazi hasa: kueleza kwa nini hatari inashuka mara saba na si mara mbili. Kielelezo kinaweza kueleza vibaya, nacho kikakosolewa bila mtu kuona ajabu. Najua pingamizi: vitabu vya shule huita kila picha na kila jedwali kielelezo, na mahakamani kisu kilichotumika kuua ni kielelezo. Mhadhiri mmoja niliyejadiliana naye aliona kwamba heri tukubali modeli, kama tulivyokubali fizikia na kemia, tusilitwishe neno la zamani mzigo mpya. Hoja yake ina uzito kwa maandishi ya wataalamu. Lakini barazani, modeli haimwambii mzee chochote. Mimi nashikilia kielelezo cha kihisabati kwa makala za kitaaluma. Kwa baraza, siku hizi naacha nomino kabisa nikatumia kitenzi.

Kizingiti

Kuna istilahi nyingine ambayo Kiswahili kimebarikiwa nayo, nasi tunaielekea kuiharibu. Ile idadi ya mbu ambayo chini yake malaria hufifia inaitwa kizingiti. Hakuna jina bora zaidi. Upande huu wa ubao wa mlango uko nje, upande wa pili uko ndani, na hatua moja tu ndiyo inayotenganisha. Bahati mbaya, magazeti yetu yamelitumia neno hili kwa maana ya kikwazo hadi maana ya mlango imeanza kufutika masikioni mwa vijana. "Vizingiti vya maendeleo" vimekuwa wimbo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza niliyempa aya yangu aisome alidhani kwamba kizingiti cha malaria ni ukosefu wa fedha za kununua vyandarua.

Nilipoandika upya ukurasa ule wa baraza, niliufungua hivi: "Tunataka kuhesabu jinsi malaria inavyotoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine hapa kijijini. Tutahesabu mbu wanaotua ukutani, na umri wao, kwa sababu mbu mchanga hana madhara bali mbu mzee ndiye anayeambukiza. Hesabu hiyo itatusaidia kukadiria ni vyandarua vingapi vinahitajika ili ugonjwa uvuke kizingiti, utoke nje. Hesabu yetu inaweza kuwa na makosa, na ninyi mnaowajua mbu wa hapa mnaweza kuyaona kabla yetu."

Tulirudi barazani baada ya majuma matatu. Yule mama alitia sahihi, ingawa aliweka sharti kwamba chumba cha mkwewe kisiingiwe. Mzee wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akainua mkono tena. "Sasa nimefahamu," alisema. "Lakini mwahesabu wale wa ukutani peke yao. Na hawa wanaotuuma ndani kisha wakenda kulala migombani, hao mwawahesabu wapi?" Rafiki yangu hakumjibu mara moja. Alitoa daftari, akamwomba mzee alirudie swali lake polepole, akaliandika. Mitego ya nje iliongezwa katika bajeti ya utafiti juma lililofuata.